Rafiki Mmoja, Rafiki Yangu

Jumatano, 4 Oktoba 2006

Mpendwa Burkhard,

Wamenikatalia posho. Naliweka neno hili mwanzoni ili usisome barua nzima ukilitafuta. Ningekupigia simu, lakini simu yenu imetundikwa ukutani katikati ya jiko, na jambo lenyewe linakuhusu kwa namna ambayo nisingependa wapishi wenzako walisikie kabla yako.

Fedha za bima ya kukosa kazi, zile nilizokuwa nikipata tangu mradi wa kamusi ulipofungwa, zilikwisha mwezi uliopita. Sasa nimeingia kwenye posho ya pili, ile ya wahitaji, na huko mtu asiye na kazi hapimwi peke yake. Hupimwa pamoja na yeyote anayeishi naye kinyumba. Ikiwa huyo mwingine ana mshahara, basi mshahara huo huhesabiwa kuwa wa wote wawili. Nilikwenda nikiwa na mkataba wetu wa pango, risiti za nusu yako ya kodi, na utulivu wa mtu asiye na la kuficha. Ofisa wangu ni Bi Köttnitz, msichana mwenye adabu na mafua. Tulizungumza hivi:

"Huyu Bwana Teschner ni nani wako?"

"Ni mpangaji mwenzangu. Tumegawana nyumba tangu mwaka tisini na tisa."

"Ana kazi?"

"Anapika katika nyumba ya mapumziko ya wagonjwa, visiwani. Yuko huko tangu Aprili."

"Na msimu ukiisha anarudi kwako?"

"Anarudi chumbani kwake."

"Sawa. Sasa hapa niandike nani? Ndugu?"

"Hapana. Ni rafiki yangu."

Akaandika. Niliona kalamu ikienda, na hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Mimi, niliyekula miaka kumi na tisa katika kamusi ya lahaja za mkoa huu, nikapitwa na tofauti ambayo kila mtoto wa Kijerumani anaijua: "rafiki mmoja" ni mtu wa kunywa naye bia, "rafiki yangu" ni mtu wa kulala naye. Nilisema, "Samahani, nilikusudia rafiki mmoja." Akapenga kamasi, akasema kwa upole, "Watu wengi hurekebisha hivyo, Bi Marold."

Tangu Agosti sheria imegeuka. Waliokaa pamoja zaidi ya mwaka hudhaniwa kuwa wenzi mpaka wao wenyewe waonyeshe kuwa sivyo. Nimeandika pingamizi. Ninahitaji maelezo yako, yenye sahihi, kwamba hatuishi kinyumba.

Nimelifikiria sana lile neno. Inawezekana ulikuwa uchovu. Inawezekana pia ulikuwa kitu kingine, lakini kila ninavyojaribu kuimalizia sentensi hii naona si kweli kabisa, kwa hiyo naiacha.

Wako,
Gesine


Jumanne, 10 Oktoba 2006

Gesine,

Pole. Nimesikitika, ila kwanza nilicheka, na bora nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya gunia la viazi, na Frauke, yule dada wa saladi niliyekusimulia, mwenye mdomo, akanikuta.

"Mzee, umeandikiwa na mchumba?"

"Nimeandikiwa na serikali. Inanitaarifu kwamba nina mchumba."

"Hongera! Na yeye mwenyewe anajua?"

"Anajua. Amekata rufaa."

Jiko zima likalipuka. Tangu siku hiyo kila sahani ikirudi haijaliwa wananiambia, "Babu, hii nayo imekata rufaa."

Sasa nikuambie ninavyoona mimi. Mshahara wangu si wa kujivunia, lakini hauchezi, unakuja kila mwezi. Waache wauhesabu. Tunakula chungu kimoja siku zote, sema tu tunajifanya tumegawana kwa sababu wewe unanunua kahawa na mimi nanunua nyama. Nitakutumia nusu, wewe ukae ule, utafute kazi taratibu bila kusimamishwa foleni na watoto wenye mafua. Sioni aibu iko wapi.

Kama bado unataka hayo maelezo, niandikie tu unataka yasemeje. Mimi kwenye barua za ofisi ni kama mtu anayevaa tai ya kuazima.

Huku upepo unang'oa vigae. Wagonjwa wamepungua. Kula vizuri, tafadhali, si mkate na jibini tu.

Burkhard


Jumatatu, 16 Oktoba 2006

Mpendwa Burkhard,

Nakushukuru kwa uliyojitolea, na ninakataa. Tafadhali usione kiburi. Nilikuwa mke wa mtu kwa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo niliomba pesa ya soksi. Naweza kuwa ninaogopa kitu ambacho wewe hungekifanya kamwe. Lakini hofu haiulizi inamhofia nani.

Liko pia jambo zito zaidi, ambalo sikulijua mpaka Bi Köttnitz aliponieleza. Nisipopata posho, napoteza pia bima ya matibabu inayokuja nayo. Nikamwambia: vema, kama serikali inasema Bwana Teschner ni kama mume wangu, basi niingizeni katika bima yake kama wanavyoingizwa wake wengine. "Haiwezekani," akasema, "hamjafunga ndoa." Kwa ofisi ya posho wewe ni mume wangu, kwa mfuko wa matibabu wewe ni mtu baki. Nikamuuliza anaionaje hali hiyo. Akatazama mlango kwanza. "Mimi sijaitunga, Bi Marold. Mimi naijaza tu."

Na mimi siwezi kukaa bila matibabu. Unajua daktari alivyosema kuhusu presha ya macho: matone kila siku na kipimo kila baada ya miezi mitatu, la sivyo jicho la kushoto litazima, kisha la kulia lifuate. Mtu wa kazi yangu akiishiwa macho, ameisha.

Kwa hiyo nimejaza maswali yao. Ni mengi. Je, nguo mnafua pamoja? Nimejibu hapana, na ni kweli, isipokuwa mashuka. Je, mmoja ana ruhusa kwenye akaunti ya mwingine? Hapana. Je, mnakwenda likizo pamoja? Hapana, ile safari ya Bahari ya Baltiki nimeona si likizo, mvua ilinyesha siku zote.

Mmoja akiugua, nani humuuguza?

Nilikaa sana na swali hilo. Nilikumbuka majira ya baridi ya upasuaji, uliponitia matone mara nne kwa siku, na usiku uliweka saa ya kengele jikoni ili isiniamshe kabla yako. Kisha nikaandika: jirani, Bi Szymanek. Yeye mwenyewe amekubali, alisema, "Niandike tu, mwanangu, mimi nimeshaandikwa mabaya zaidi na wapelelezi wa enzi zile." Nakuomba nawe uandike hivyo hivyo, maana majibu yetu yatawekwa bega kwa bega. Nimeambatanisha rasimu. Ubadilishe maneno yafanane na yako.

Sina hakika kwamba hili ni sawa. Nina hakika tu kwamba sina njia nyingine niionayo kwa sasa.

Gesine


Jumanne, 31 Oktoba 2006

Gesine,

Maelezo nimeyaweka humu, nimetia sahihi, na Frauke ametia kama shahidi. Sikubadilisha maneno. Yako ni mazuri kuliko yangu. Kuhusu kuugua nimeandika jirani.

Nimechelewa kwa sababu kazi zilikuwa nyingi. Mkataba wangu umeongezwa hadi mwisho wa baridi, kwa hiyo Krismasi sitakuja. Kodi yangu nitatuma kama kawaida.

Koti langu zito mpe mwana wa Bi Szymanek, huku nimenunua jingine.

B. Teschner


Jumatano, 15 Novemba 2006

Kwa Bi Gesine Marold

YAH: PINGAMIZI LAKO DHIDI YA KUNYIMWA POSHO YA WASIO NA AJIRA

Pingamizi lako limekubaliwa. Kufuatana na maelezo yako na ya Bw. Burkhard Teschner, ofisi imeridhika kwamba ninyi wawili hamna nia ya kubebana majukumu wala kusimamiana wakati wa shida. Kuanzia tarehe ya ombi lako unahesabiwa kuwa kaya ya mtu mmoja. Bima ya matibabu imejumuishwa.

Unakumbushwa kwamba mabadiliko yoyote ya hali yako sharti yaarifiwe mara moja.

Kwa niaba ya ofisi,
A. Köttnitz


Jumatatu, 20 Novemba 2006

Mpendwa Burkhard,

Tumeshinda. Nilidhani nitaiandika sentensi hiyo kwa mkono mwepesi zaidi.

Barua ya ofisi inasema kwamba mimi na wewe hatuna nia ya kusimamiana wakati wa shida. Nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma ingizo la kamusi kabla halijapelekwa kwa mpiga chapa, nikitafuta kosa. Kisarufi haina kosa.

Siku niliyoipokea nilipiga simu ya jiko lenu ili nikuambie mwenyewe. Aliyepokea alikuwa mlinzi.

"Jiko limefungwa tangu Oktoba, mama. Wapishi walishalipwa wakaenda zao."

"Niliambiwa mkataba umeongezwa."

"Mkataba wa nani? Hapa tumebaki mimi na panya."

"Na Bwana Teschner?"

"Yule mrefu? Bado yupo kisiwani. Amepanga chumba kwa mama yake Frauke, anampakia rangi madirisha. Kuna ujumbe?"

Nikasema hakuna. Ndiyo sababu barua hii imekuja kwa anwani ya huyo mama. Niwie radhi kama nimeingia nisikoalikwa.

Sikulaumu kwa kutoniambia. Au labda nakulaumu, lakini sioni kama nina haki ya kuanza. Nataka tu kujua kwa nini mtu aliyepoteza kazi abaki kisiwani wakati wa baridi, alipe kodi ya vyumba viwili, ilhali kimoja kina kitanda chake. Nimewaza sababu tatu na zote tatu zinanihusu, jambo ambalo linanifanya niziogope: mtu anayejiona katika kila sababu huenda hajaiona hata moja.

Koti sikumpa mtu.

Gesine


Jumapili, 26 Novemba 2006

Gesine,

Basi umenikamata. Ngoja nikae vizuri niandike, mama mwenye nyumba amekwenda kanisani na hakuna wa kunichungulia.

Kazi iliisha wiki ile ile uliponitumia rasimu. Nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nikaisoma rasimu, nikalifungua.

Nilipofungua nilijiambia namna hii. Kama narudi nyumbani, sina kazi, nitaomba posho ile ile kwa ofisi ile ile, na yule msichana wa mafua atatuona sisi wawili kwenye mlango mmoja na kusema, hee, kumbe! Posho yako itakatwa, yangu itakatwa. Wawili wakiwa pamoja wanapewa pungufu kuliko mmoja na mmoja walio mbalimbali, Frauke alinifafanulia, kaka yake na mkewe wameshapita humo. Kwa hiyo nikajiandikisha mkazi wa hapa. Wewe kaya ya mtu mmoja huko, mimi kaya ya mtu mmoja huku. Macho yako yana bima. Kila kitu safi, na tulichoandika si uongo tena. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya kweli.

Ya pili siipendi. Ulipoteleza ulimi ukasema nilivyo kwako, nilicheka wiki nzima. Frauke aliniambia, "Babu, mbona unapiga mluzi kwenye supu?" Lakini "jirani" hukuteleza. Ulikaa, ukafikiri, ukaandika, kisha ukaniomba nami niandike. Nikaandika. Nikasema basi, huyu ni mtu wa maneno, anajua anachosema, kama ameona pale palikuwa na jirani basi pale palikuwa na jirani.

Sijakasirika. Nimechoka tu. Nina miaka hamsini na nne, nalala chini ya paa la mteremko, nikiamka nagonga kichwa. Frauke anasema, "Rudi nyumbani, unatia watu huzuni." Nikamwambia nyumbani sasa ni hapa, nimejiandikisha. Akasema, "Hata ng'ombe wetu ameandikishwa hapa, lakini yeye angalau anatoa maziwa."

Usiniombe nirudi kwa sababu unanihurumia. Na usiache matone.

Burkhard


Ijumaa, 1 Desemba 2006

Burkhard,

Sikuombi urudi. Nakuarifu nililofanya jana, kwa kuwa linakuhusu na kwa kuwa safari hii sikushauriana nawe kwanza. Kushauriana kungekuwa kukuomba.

Nilikwenda kwa Bi Köttnitz. Nikamwambia kuna jibu langu moja ambalo si kweli, nataka lifutwe.

"Lipi?"

"La kuugua. Hakuwa jirani. Alikuwa Bwana Teschner."

Akafunga mlango, akakaa. "Bi Marold, mbona unajiharibia? Faili limefungwa. Hakuna anayekuuliza."

"Najua."

"Unajua itakavyokuwa? Nikiandika hivyo, tunarudi mwanzo. Unaweza kudaiwa ulichokwisha kulipwa."

"Hana kazi tena. Mshahara wenyewe mliotaka kuuhesabu haupo."

"Basi angalau mngehesabiwa pamoja, na bima yako ingebaki. Lakini mtapungukiwa wote wawili. Na yeye je? Atarudi?"

"Sijui."

"Anakubali kuwa mwenzi wako?"

"Sijui. Sijamuuliza. Katika miaka saba na nusu hakuna kati yetu aliyemuuliza mwenzake."

"Basi niandike nini? Hapa kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Hakuna cha sijui."

Akalirudisha faili kabatini bila kuandika kitu. Akasema atakuwa likizo ya ugonjwa hadi tarehe kumi na moja, mafua yake hayaishi, na mambo yatakayoletwa baada ya hapo yatasomwa kama yatakavyokuwa yameandikwa wakati huo. Sijui kama ulikuwa wema au uchovu. Pengine kwa mtu wa kazi ile hakuna tofauti kubwa.

Sasa nijibu sababu yako ya pili. Ulisema mimi ni mtu wa maneno, kwa hiyo nilichokiandika kwa kufikiri ndicho nilichokiona. Ni kinyume chake. Nimefanya kazi hii muda mrefu kiasi cha kujua kwamba lile mtu analolisema bila kukusudia ndilo tulilokuwa tukipanda milima na kinasa sauti kulitafuta. Tulipomwandalia mzee wa kijijini karatasi na kalamu, alituandikia Kijerumani cha shuleni na lahaja ikajificha. Nililolikusudia ni la hofu. Nililoteleza nalo sikuwa nimelisomea.

Naweza kuwa nimekosea tena. Inawezekana ninachokiita ukweli ni upweke wa nyumba yenye vyumba viwili na mtu mmoja. Nimejaribu kuvitenganisha na sikuweza. Inawezekana pia kwamba, kwa kurudi ofisini, nimehatarisha macho yangu kwa ajili ya neno, na daktari wangu angekuwa na haki ya kunicheka. Lakini swali lao, nilipoliangalia tena, halikuwa la kijinga nilivyodhani. Waliuliza kama tutasimamiana wakati wa shida. Sisi tulikuwa tumesimamiana tayari, kisha tukaapa kwa sahihi kwamba sivyo, na serikali ikatuamini.

Chumba chako nimekipasha moto. Hilo si ombi, mabomba yangeganda.

Gesine


Jumanne, 12 Desemba 2006

Kwa Bi A. Köttnitz

YAH: MABADILIKO YA HALI

Sisi tuliotia sahihi hapa chini tunaarifu, kama tulivyoelekezwa, kwamba hali yetu imebadilika.

Bw. Teschner amefuta uandikishaji wake kisiwani na kujiandikisha tena katika anwani hii. Hana kazi. Ameomba katika majiko mawili ya hapa mjini. Moja limemjibu kwamba ni mzee, jingine bado halijajibu. Bi Marold amepewa saa chache za kufundisha jioni kuanzia Februari.

Tunaomba kuhesabiwa pamoja. Tunafahamu kwamba kiasi kitakuwa pungufu.

Majibu yetu ya awali yarekebishwe kama ifuatavyo. Aliyemuuguza Bi Marold wakati wa upasuaji ni Bw. Teschner. Bi Szymanek asisumbuliwe. Alikubali kwa hisani. Safari ya Bahari ya Baltiki ilikuwa likizo. Kuhusu akaunti za benki jibu linabaki hapana, kwa matakwa ya Bi Marold, na Bw. Teschner ameridhia baada ya majadiliano.

Kuhusu swali la tarehe ambayo ushirika wa maisha ulianza, hatukuafikiana. Bi Marold anasema Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Desemba, siku Bw. Teschner aliporudi. Bw. Teschner anasema Machi 1999, siku alipokuja kutazama chumba. Tumemweleza Bw. Teschner kwamba kwa tarehe yake tutadaiwa fedha tulizokwisha kulipwa, na kwamba tarehe ya Bi Marold haina gharama na inaweza kuthibitishwa. Anasema ameelewa yote hayo. Hataki kuibadilisha.

Tunaomba ofisi iziandike zote mbili.

Gesine Marold
Burkhard Teschner